Kovu la Mtu wa Pembeni

Juzi binti wa mdogo wangu alinijia na simu mkononi. Alikuwa ameipiga picha ile ya zamani ya harusi ya babu na bibi, nyeusi na nyeupe, iliyoning'inia ukutani kwangu tangu niolewe. "Mama mkubwa, hebu tazama," akasema, akagusa kioo kwa kidole mara moja tu. Gauni la bibi likawa la waridi. Suti ya babu ikawa ya buluu, na majani nyuma yao yakawa kijani. Nikamwuliza simu imejuaje kwamba suti ilikuwa ya buluu. Akacheka. "Haijui, mama mkubwa, inakisia. Ikikosea unarekebisha. Kwani nani aliye hai wa kubisha?"

Sijui ni nini kilichonipanda. Nilimpokonya ile simu nikaitupa kwenye kochi, nikamwambia asiniletee tena upuuzi huo nyumbani mwangu. Mtoto wa watu akaduwaa. Jioni nilimwomba radhi, lakini sikumweleza kitu, maana hawa watoto ukianza kuwaeleza mambo ya zamani wanatazama mlango. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mnaokumbuka picha zilipokuwa zikipakwa rangi kwa mkono, na mnaoikumbuka Kigoma ile ya watu wanaoshuka mitumbwini na watoto mgongoni, hawana hata viatu, wanauliza hapa ni wapi.

Mama yangu alikuwa fundi wa kupaka picha rangi. Kamera ilikuwa ya baba, lakini baba alivuka ziwa kwenda Kalemi na kamera yake na mwanamke wa watu, na hatukumwona tena. Rangi aliziacha, nadhani kwa sababu yule mwanamke hakuwa na haja nazo. Mama alilia siku tatu. Ya nne akalifungua lile boksi akaanza kujifundisha. Studio moja ya Ujiji ikawa inamletea picha, na baadaye watu wakawa wanakuja wenyewe nyumbani kwetu Buzebazeba, wanauliza kwa Mama Fundi ni wapi.

Alikuwa na tyubu ndogo ndogo za rangi ya mafuta, chupa ya tapentaini, pamba, na vijiti vya ufagio alivyovichonga ncha kwa wembe. Kwanza aliipangusa picha na tapentaini ili ishike. Halafu alizungushia pamba kwenye ncha ya kijiti, akagusa rangi kidogo, akaisugua juu ya shavu la mtu kwa miduara midogo, kisha akachukua pamba kavu akaitoa karibu yote. Ufundi ulikuwa katika kuitoa. "Kupaka hata mbuzi atapaka," alikuwa akisema, "kazi ni kupunguza." Usipopunguza, mtu anatoka na midomo kama amelamba chungu cha mawese. Vidoa vyeupe vya vumbi alivifunika kwa penseli, nukta moja moja, mpaka usijue vilikuwa wapi. Nyumba nzima ilinuka tapentaini, na mpaka leo fundi akija kupaka rangi geti la jirani, moyo wangu unakwenda mbio.

Jambo moja hakulifanya kamwe. Hakukisia. Kabla ya kuigusa picha alimwuliza mwenyewe: shati rangi gani, kitenge rangi gani, viatu je. Akayaandika nyuma kwa penseli. Asipopata wa kumwuliza, aliliacha koti la mtu kijivu hivyo hivyo, na mwenye picha akinung'unika alimjibu, "Hilo koti mimi sikuliona. Unataka nimsingizie?" Alikuwa na mkono mwepesi mama yangu. Nilizabwa vibao kwa kugusa kijiti kichafu, kwa kuacha kifuniko cha tyubu wazi, kwa kupiga chafya karibu na picha mbichi. Siwezi kusema alinionea. Nilikuwa mtoto wa kiherehere, na mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko akili yangu.

Miaka ile wakimbizi walikuja na picha kuliko walivyokuja na nguo. Walizitoa kifuani, walizitoa ndani ya Biblia, mmoja alizitoa kwenye soksi. Zilikuwa zimelowa, zimekatika, nyingine zina damu iliyokauka ambayo mama aliikwangua kwa wembe. Mzee mmoja alileta picha ya ukoo wake, watu tisa, na mmoja kati yao ametobolewa macho kwa msumari. Mama akamwuliza huyu nimtengeneze? Mzee akasema, "Oya, hapana. Huyo nimemtoboa mimi." Walikaa kwenye jamvi wakasimulia huku mama akipaka, nani alichomwa ndani ya nyumba, nani alipigwa nyundo, nani alitupwa mtoni akiwa hai. Ikifika hapo mama alikuwa akinituma maji. Nilikuwa nikienda na ndoo taratibu kama mgonjwa, masikio nyuma.

Na asubuhi moja, tulipokwenda ufukoni kufua, ziwa lilikuwa limeleta mtu. Alikuwa mwanamume, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mgomba, kichwa kimepasuliwa nyuma. Wanawake wakapiga kelele wakatufunika macho kwa khanga, lakini nilikuwa nimeshaona. Kilichonishangaza si ule mpasuko. Kilichonishangaza ni kwamba rangi yote ilikuwa imemtoka. Alikuwa kijivu, uso, midomo, kucha, mwili mzima kijivu. Nikarudi nyumbani nikamkuta mama ameinamia picha ya kijivu, anampaka mtu shavu, na shavu linapata damu. Mwenye picha, bibi mmoja kutoka ng'ambo, alipoona akaibusu ile picha, akacheka huku analia, akaanza kuzungumza nayo. Hapo ndipo mimi, kwa akili yangu ya miaka tisa, nikaunganisha. Wafu ni kijivu. Mama akiwapaka rangi, huko waliko wanaamka. Msinicheke. Hakuna aliyenieleza vinginevyo, na nilichokiona kwa macho yangu kilikubaliana.

Dafroza alikuja akitembea kutoka Kidahwe, alikopokelewa na familia ya Waha waliompa chumba na kipande cha shamba la muhogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mjamzito, mwenye sauti ndogo. Picha yake ilikuwa ndogo pia, ya siku ya ubatizo: yeye amepakata mtoto, mumewe kasimama kati, na pembeni mwanamume mwingine ameweka mkono begani kwa mume. Ilikuwa imekunjwa. Mkunjo ulikuwa umepasua picha na kuacha mstari mweupe mwembamba, umeanzia begani kwa mume ukapanda mpaka usoni kwa yule wa pembeni.

"Mama Fundi, huyu ni umugabo wanje, mume wangu," akasema. "Shati lake jeupe. Suruali kaki. Kitenge changu kijani, maua ya njano."

"Na huyu wa pembeni?"

Dafroza alinitupia jicho mimi mtoto. Mama akanitazama. "Kachote maji."

Nilichota hewa. Nilisimama nyuma ya ukuta na ndoo tupu, nikasikia sauti ndogo ikizungumza muda mrefu, maneno sikuyapata. Nilipata la mwisho tu, kwa sababu alilisema kwa nguvu. "Huyo mwache alivyo. Asipate rangi hata tone."

Mengine mama alinieleza baadaye sana, kulipokuwa hakuna tena cha kuficha. Yule wa pembeni alikuwa rafiki wa mume, na ndiye aliyemsimamia mtoto ubatizo. Kundi lilipofika na mapanga, wao walikuwa wamejifungia ndani kimya, mkono wa Dafroza uko kwenye mdomo wa mtoto. Yule mtu akaita kwa jina, mlangoni, kwa sauti ya kawaida. Mume akafungua kwa kuwa aliijua sauti. Wakamkata palepale kizingitini, na mtoto wakampokonya Dafroza wakambamiza ukutani. Yeye alitorokea dirishani na ile picha. Mama akamwuliza, kwa nini basi usimkate huyu ukamtupa? Akamwonyesha: mkono wake uko begani kwa mume wangu, nikimkata huyu namkata na mume.

Lakini mimi hayo sikuyasikia. Nilisikia kwamba wengine wataamshwa na mmoja ataachwa mfu, na nikaona hiyo ni roho mbaya. Kwa siku kadhaa nilikuwa napita karibu na ile picha inakauka juu ya kabati, chini ya kipande cha chandarua. Mama alikuwa amefanya kazi nzuri mno. Mkunjo wa begani kwa mume aliuziba kwa penseli ukapotea kabisa. Mtoto alikuwa na mashavu. Dafroza alikuwa na maua yake ya njano. Na pembeni yao yule mwanamume wa kijivu, na mstari wake mweupe usoni ambao haukuzibwa. Nilimhurumia mpaka nikawa namwota.

Siku hiyo mama aliondoka mapema kwenda Kibirizi kununua dagaa. "Akija mtu wa Dafroza mpe picha, imekauka. Na wewe usiiguse," akasema. Vumbi la miguu yake halijatua nikawa nimeishusha.

Nilifanya kila kitu kama nilivyoona kikifanywa. Tapentaini kwanza. Rangi ya mwili nikaichanganya kwenye sahani ya bati, kahawia na njano kidogo. Koti nikaliamulia kahawia iliyokolea, kwa sababu nililipenda hivyo. Nikampunguza kwa pamba kavu, taratibu, mpaka akaanza kuonekana mtu. Kisha nikafika kwenye ule mstari mweupe, kutoka sikioni hadi karibu na pembe ya mdomo. Penseli sikuruhusiwa kuigusa na sikujua kuitumia. Na nilipoutazama vizuri sikuona mkunjo. Niliona kovu. Wavuvi wangapi nilikuwa nawajua waliochanwa na ndoano wakabaki na mistari kama hiyo? Nikachanganya waridi na kahawia kidogo, nikachonga kijiti kipya, nikalipaka kovu kwa pumzi niliyoibana. Nikalilainisha kingo. Lilikaa pale shavuni kama alizaliwa nalo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizokuwa nimewahi kufanya, na nasema hivyo mpaka leo kwa uchungu.

Mchana akaja kijana na baiskeli. Nilimjua kwa sura, Lazaro, mdogo wa marehemu mume wa Dafroza. Yeye hakuwa mgeni mjini; alikuwa amevuka kuja kubeba mizigo bandarini miaka mingi kabla ya mauaji, tangu hajaota ndevu, kwa hiyo rafiki za kaka yake hakuwajua kwa sura, ila shemeji alikuwa amemweleza kwamba yule msaliti yuko pembeni kwenye ile picha.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama Fundi yupo? Shemeji anaumwa, amenituma picha."

Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alimtazama kaka yake kwanza. Kisha macho yakahamia pembeni, yakakaa huko.

"Huyu alikuwa na kovu?"

"Ndiyo."

"Mama yako ameliona? Si wewe unasema tu?"

"Lipo, si unaliona?" Nilikuwa na majivuno.

Akaisogeza picha karibu na pua. "Huyu mtu nimemwona," akasema polepole. "Yupo Kibirizi. Anabeba magunia."

Ndugu zangu, nilifurahi. Nilipiga makofi. Saa moja haijapita tangu nimpake, na tayari ameonekana anabeba magunia! Lazaro alirukia baiskeli akaenda mbio, hakuelekea Kidahwe, na mimi nikafunga mlango kwa komeo nikamfuata kwa miguu, nakimbia, nataka nimwambie mama kwamba nimeweza. Nilitaka anisifu.

Kelele nilizisikia kabla sijafika. Nilidhani ni mitumbwi imeingia na mzigo mkubwa. Nikapenya kati ya miguu ya watu, na penye uwazi, juu ya dagaa walioanikwa mchangani, nikamwona mtu amelala chini anapigwa.

Alikuwa mchukuzi mmoja, Yohana, mkimbizi naye, lakini wa upande mwingine kabisa wa nchi yao. Gunia alilokuwa nalo mgongoni lilikuwa limepasuka, na dagaa walikuwa wamemganda kwenye damu ya uso na shingo. Lazaro alikuwa amemkalia kifuani, anampiga kwa jiwe alilolishika kwa mikono miwili, na kila pigo alikuwa anataja jina la kaka yake. Wengine walipiga kwa makasia, kwa mipini, kwa miguu. "Umwicanyi! Muuaji!" Yule mtu alikuwa anapiga kelele "Si jewe! Si mimi!" na kila alipofungua mdomo kulitoka damu na kipande cha jino. Halafu kasia likatua kwenye jicho lake. Nililisikia likipasuka. Sitaeleza zaidi.

Na siyo wakimbizi peke yao. Hilo linanikera mpaka leo tunapokaa kusema watu wetu wa Kigoma ni wapole. Nusu ya waliokuwa wakipiga walikuwa wenyeji, wauza dagaa niliokuwa nikiwaamkia shikamoo kila siku, ambao hawakujua huyu kafanya nini wala kwa nani. Waliona mtu chini wakaongeza teke. Mama mmoja aliyekuwa akinipa samaki wa kuchoma, migebuka, alimpiga kwa ungo, akacheka.

Shavuni, chini ya ile damu, palikuwa na kovu. Refu, kutoka sikioni hadi mdomoni. Lilikuwa pale pale nilipoliweka.

Ndipo nilipoelewa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba mimi ndiye niliyewaambia. Nilisimama nikajikojolea, mkojo ukateremka mpaka kwenye dagaa za watu, na sikusema neno hata moja.

Mama alitokea upande wa mitumbwi. Alikuwa amesikia watu wakisema "ameonekana kwenye picha, picha ya Mama Fundi." Alimshika Lazaro shingoni kwa nyuma, akamnyang'anya ile picha kifuani, akaitazama. Kisha akainua kichwa akawatazama watu wote mmoja mmoja mpaka akaniona mimi, na suruali yangu imelowa chini ya gauni.

"Simameni!" akapiga kelele. "Kovu hili nimelichora mimi! Mimi! Halikuwapo!"

Akalamba kidole gumba akakisugua kwenye picha, mbele ya uso wa Lazaro. Rangi zake zilikuwa zimekauka siku nyingi, hazikutoka. Yangu ilikuwa mbichi. Kovu likafutika lote, shavu likafutika, ukabaki ule mkunjo mweupe na kijivu. "Tazama! Ni karatasi imekunjika! Tazama, baba, tazama!"

Lazaro alitazama. Jiwe likamtoka mikononi. Lakini waliokuwa nyuma hawakuona picha wala hawakusikia. Wao walikuwa na mtu wa kupiga na hamu haijaisha. Mama akajilaza juu ya Yohana, akauweka mkono wake wa kulia juu ya kichwa chake. Kasia lilikuwa limeshainuliwa. Liliposhuka, nilisikia vidole vya mama vikivunjika, na yeye hakulia, alisema tu "Astaghfirullah," mara mbili. Walimpiga mgongoni, wakampiga kiunoni, mpaka askari mmoja wa bandarini akaja na filimbi na rungu, na kila mtu akageuka ghafla mpita njia.

Wote wawili walibebwa kwa mkokoteni hadi hospitali. Siku ya pili Lazaro alimleta Dafroza nyuma ya baiskeli, na homa yake, akamsimamisha mbele ya kitanda cha Yohana. Dafroza alimtazama muda mrefu ule uso uliovimba. "Si uyu," akasema. "Yule hakuwa na kovu lolote." Lazaro alitoka nje, tukamsikia anatapika. Kisha Dafroza akamgeukia mama kwenye kitanda cha upande wa wanawake, chumba kile kile. "Nilikwambia umwache alivyo."

"Ulinambia," mama akasema. "Nimekosa mimi."

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika kikombe cha uji. Mama hakunitazama.

Hakunipiga. Hakunipiga siku ile wala siku nyingine yoyote tena, yeye mwenye mkono mwepesi, na msidhani nilishukuru. Nililala nikiomba anichape mpaka nichubuke. Mganga wa viungo alimfunga vidole kwa vijiti na majani, vikaunga vibaya, vitatu havikukunjika tena. Kijiti cha pamba hakuweza kukishika, penseli hakuweza. Watu wa studio wakaacha kuja. Wengine walisema Mama Fundi anatia watu makovu wasiyokuwa nayo, na waliosema hawakukosa. Dafroza na Lazaro walipanda malori yaliyokuwa yanapeleka wakimbizi kwenye makazi mapya huko msituni, mbali na ziwa. Mama akaanza kuuza muhogo wa kuchemsha.

Yohana alitoka hospitali akiwa na jicho moja, taya limepinda, na mishono juu ya nyusi, kidevuni, na kwenye paji. Kila Ijumaa mama alinituma nimpelekee chakula alikokuwa amehifadhiwa. Nilikuwa nikikiweka mlangoni nakimbia.

Kisha siku moja alikuja mwenyewe. Alibisha hodi, akakaa kwenye jamvi, akatoa picha mpya ya studio, nyeusi na nyeupe, uso peke yake. Alisema amesikia kwamba mama yake mzazi huenda yuko hai kwenye mojawapo ya makazi yale ya msituni. Kuna mtu anakwenda huko na bahasha nzima ya picha za watu wanaotafutana. Zitazungushwa nyumba kwa nyumba. "Lakini nikimpelekea sura hii hatanijua," akasema. "Na akinijua atakufa kwa mshtuko. Mama Fundi, nifungue jicho. Niondolee hii mishono."

Mama akainua mkono wake wenye vidole vilivyosimama, akamwonyesha. Kisha akanigeukia. "Leta boksi. Kaa hapa."

"Mama, siwezi."

"Kaa hapa."

Ilinichukua siku nne. Yohana alikuja kila alasiri baada ya kazi, akakaa mbele yangu, na mama akakaa ubavuni mwangu, mkono mbovu mapajani, akinielekeza kwa mdomo. Hapo ndipo aliponipa penseli kwa mara ya kwanza. Kila nilichotaka kupaka, alinilazimisha nimwulize mwenyewe kwanza. Nilikuwa namwuliza nikitazama jamvi. Jicho lile la kushoto lilikuwaje? Kama la kulia, dogo kidogo. Kope? Nyingi. Nilichora jicho nikalifuta, nikachora nikalifuta, tapentaini ikaniwasha mpaka kwenye koo. Jicho la tatu ndilo lililotazama. Mishono nikaiziba nukta kwa nukta, ya nyusi, ya kidevu, ya paji, na kila moja nilijua imetokana na nini, maana nilikuwepo.

Siku ya nne mama alitoka kwenda kuswali. Nikaweka kijiti chini. "Siyo mama aliyelichora lile kovu kwenye picha ya Dafroza," nikasema. "Ni mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimelala chini. Jicho moja lilikuwa bado linaona. Aliposema ni yeye, alikuwa anakutazama wewe."

Nikaanza kulia, nikamwomba anisamehe, kamasi zinanitoka, nimeipa mgongo picha nisije nikaichafua.

"Maliza kazi kwanza," akasema.

Nikafuta uso, nikarudi. Lilibaki kovu lenyewe, la shavuni. Nikachonga penseli nilizibe kama nilivyoziba mengine. Akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu hadi nikaguta.

"Hilo liache. Hilo ni la jembe la mama yangu. Nilikuwa natambaa nyuma yake shambani, hakuniona." Aliniachia. "Huko watamwonyesha vijana wengi. Hatatazama macho. Atatazama hapo."

Nikazungushia pamba mpya kwenye kijiti, nikachanganya waridi na kahawia kidogo, rangi ile ile, nikalipaka kovu lake, kisha nikalipunguza mpaka likakaa.